Shade: tusi ambalo halikutamkwa

Mwaka 2014 gazeti la Wall Street Journal lilimhoji Aretha Franklin mbele ya kamera, likamtajia waimbaji wa kike wa zama hizi, mmoja mmoja, atoe neno juu ya kila mmoja. Adele akapata sifa yake: mwimbaji kijana, mwimbaji mzuri. Lilipofika jina la Taylor Swift, yule mama aliyekuwa amepita miaka 70, aliyeanza kuimba utotoni katika kanisa la baba yake huko Detroit, alitua kidogo, kisha akasema: sawa, magauni mazuri sana, magauni ya kupendeza.

Akaishia hapo.

Hakuna neno baya hata moja katika jibu lile. Ukilipeleka kwa hakimu, hakimu atakurudisha nyumbani. Lakini mama aliulizwa juu ya mwimbaji, akajibu juu ya nguo, na kila aliyesikia alibaki akiitafuta sauti ya yule binti katika jibu, asiione. Ukimwendea ukamwuliza kwa nini amemsema mwenzake, ana haki ya kukushangaa: nimemsema vipi? Si nimesema anavaa vizuri?

Wamarekani wana neno moja kwa jambo hilo. Wanaliita shade. Kwa maana ya kila siku ni kivuli cha kawaida, cha mti au cha ukuta. Kwa maana hii nyingine ni kitu kinachotupwa: mtu humtupia mwenzake shade kama sisi tunavyomtupia mtu dongo.

Nafundisha Kiingereza darasa la jioni hapa Dar es Salaam. Wanafunzi wangu ni watu wazima: makarani, wauza vipodozi, dereva wa watalii, akina mama wenye biashara zao za kushona. Neno hili huingia darasani kila muhula, maana wanakutana nalo kwenye simu kila siku, na wengi huja tayari na maana yake: kumsema mtu vibaya. Mimi maana hiyo inaniuma. Inaniuma kwa sababu neno lenyewe ni kazi ya mikono ya watu fulani, waliolichonga kwa ustadi na kwa gharama kubwa, na kulitumia kwa kila matusi ya mtandaoni ni kuwanyang'anya kitu chao kwa mara ya pili.

Ufafanuzi bora ninaoujua ulitolewa na Dorian Corey, akiwa ameketi mbele ya kioo cha kujipodolea. Corey alizaliwa Buffalo mwaka 1937, akaishi na kufanya kazi New York, mwanamume Mweusi aliyepanda jukwaani kwa mavazi ya kike na aliyekuwa fundi hodari wa kushona mavazi hayo. Jennie Livingston alimrekodi miaka ya 1980 katika filamu yake ya Paris Is Burning, iliyotoka mwaka 1990. Katika filamu ile Corey anajipaka poda polepole, anazungumza bila haraka kama mzee anayehadithia wajukuu, na anasema hivi: shade ni kwamba sikwambii una sura mbaya, wala sina haja ya kukwambia, kwa sababu mwenyewe unajua kwamba una sura mbaya. Hiyo ndiyo shade.

Nimeisikia sentensi hiyo mara nyingi, na bado naona imejaa. Angalia kazi inafanywa na nani. Msemaji hakusema kitu. Aliyesemwa ndiye anayebeba mzigo wote: ndiye anayejua kasoro yake, ndiye anayeikumbuka wakati ule, ndiye anayejitamkia moyoni lile neno ambalo mwenzake amelikwepa. Msemaji amefungua tu mlango wa chumba ambacho mwenye nyumba alikuwa amekifunga kwa makusudi, akasimama pembeni. Kwa sababu hiyo shade haiwezi kutupwa kwa mtu usiyemjua. Lazima ujue chumba kipo wapi. Na yeye lazima ajue kwamba wewe unajua. Bila elimu hiyo ya pande mbili, yale magauni mazuri ni magauni mazuri tu.

Sisi tuna methali inayoligusa jambo hili kwa upande mmoja: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Lakini fumbo la methali linaweza kumpita mjinga bila madhara, naye akaenda zake kwa furaha. Shade ya Corey haikusudii kumpita mtu. Inamhitaji awe mwerevu. Inamheshimu kiasi cha kumwachia amalizie mwenyewe.

Corey anaweka pia mpangilio, na huu ndio watu wengi wanaouruka. Anasema kabla ya shade kulikuwa na kile walichokiita kusomana. Kumsoma mtu ni kumwambia kasoro yake waziwazi, kwa maneno makali yenye kuchekesha, mbele ya watu, ukiikuza mpaka kila mtu aione. Hapo wa Pwani hawahitaji somo refu. Kusoma kwao ni kusuta kwetu: wanawake wanapojikusanya, wakavaa sare, wakapiga ngoma mpaka mlangoni kwa aliyewazulia uongo, wakamtolea kila kitu barazani. Vijana wa mjini leo husema kumchamba mtu. Yote hayo yana jina la mtu, yana anwani, na majirani wanashuhudia.

Kisha Corey anaeleza kwa nini kusoma hakukutosha, na hapa ndipo ninapomwona kuwa mwalimu wa kweli wa lugha. Mtu wa nje akikutukana, anasema, na wewe ukamrudishia, huo ni ugomvi. Lakini mkiwa wote ni kitu kimoja, inawabidi mwende kwenye jambo dogo kabisa. Ikiwa mimi ni Mweusi wa namna hii na wewe ni Mweusi wa namna hii hii, siwezi kukutukana kwa kukuita hivyo, maana hilo si tusi, ni habari tu. Basi nitaanza na umbo lako, na uso wako ulioanza kulegea, na nguo zako zisizo na ladha. Na kusomana huko kulipokua na kukomaa, anasema, kukawa shade.

Kwa hiyo shade ni lugha ya watu wanaofanana. Ni lugha ya waliobanana katika chumba kimoja, wenye majeraha ya aina moja, ambao matusi makubwa ya dunia yameshawaishia nguvu kwa sababu wote wameshatukanwa nayo. Kilichobaki kuwachoma ni kile chembamba, ambacho wa nje hata hakioni.

Chumba chenyewe kilikuwa wapi? Kilikuwa Harlem, mtaa wa Weusi huko New York, katika kumbi za kukodi, usiku wa manane mpaka asubuhi, kwenye mashindano waliyoyaita ball. Washiriki wengi walikuwa Weusi na Walatino: wanaume wapendao wanaume, na watu waliozaliwa wakahesabiwa wavulana lakini wakaishi kama wanawake. Wengi walikuwa wamefukuzwa makwao. Walijipanga katika nyumba, na kila nyumba ilikuwa na mama au baba, jina la ukoo, na heshima ya kulindwa: LaBeija, Corey, Dupree, Xtravaganza, Ninja. Hata jina la filamu lilitokana na mashindano aliyokuwa akiyaandaa Paris Dupree.

Mashindano yalikuwa na vipengele vingi, na kimoja kilihusu uhalisi. Unapita mbele ya majaji umevaa kama ofisa wa kampuni, au mwanafunzi wa chuo, au mwanamke anayetoka dukani, na majaji wanatafuta kosa. Je, kiatu kinaendana? Mkoba umeushika kama mtu anayeushika kila siku, au kama mtu aliyeuazima jioni hii? Mshindi ni yule ambaye angeshuka barabarani akapanda treni na asigeukiwe na mtu.

Nadhani ukali wa shade ulizaliwa pale. Macho yale yalinolewa na hatari. Nje ya ukumbi, kosa dogo la mavazi au la mwendo lingeweza kumgharimu mtu kazi, kipigo, au uhai. Venus Xtravaganza, kijana mwembamba mwenye nywele za dhahabu ambaye katika filamu anazungumza juu ya kutaka nyumba na harusi ya kanisani, aliuawa New York mwaka 1988, kabla filamu haijamalizika, na muuaji hakupatikana. Watu walioishi hivyo walijua kumwangalia mwenzao kuanzia utosini hadi unyayoni kwa dakika moja na kuiona ile pindo iliyoachia. Jaji aliyekukata alama ndani ya ukumbi alikuwa anaona kile ambacho mtu mwenye chuki angekiona nje. Ndani unakatwa alama na kuchekwa, kisha unakwenda kurekebisha.

Na shade haikuhitaji hata mdomo. Willi Ninja, aliyekuwa bingwa wa ile ngoma ya vogue, ambayo mikao yake iliigwa kwa wanamitindo wa gazeti la Vogue, anaeleza kwamba ngoma yenyewe ilitoka kwenye shade. Watu wawili wasiopatana, badala ya kupigana, waliingia uwanjani wakacheza, na mwenye mikao bora ndiye aliyekuwa amemtupia mwenzake shade iliyo nzuri zaidi. Kisha anaonyesha. Anaufanya mkono wake kuwa kikopo cha poda chenye kioo, anajitazama, anajipaka, anajiremba taratibu kwa mkono mwingine. Halafu anaugeuza mkono ule, kioo kimtazame mpinzani wake. Maana yake: uso wako ndio wenye kuhitaji kazi hii.

Naipenda sehemu ile kuliko maelezo yote ya kamusi. Hakuna neno, hakuna mguso, hakuna kitu mkononi. Na mpinzani anajiona.

Watu hudhani mambo haya yalianza miaka ya 1980 kwa sababu filamu ndipo ilipowakuta. Mizizi ni ya zamani sana. Chama cha Weusi kilichojulikana kama Hamilton Lodge kilianza kuandaa dansi ya mavazi ya kujigeuza huko New York mwaka 1869, na kufikia miaka ya 1920 dansi ile ilikuwa maarufu kwa wanaume waliokuja wamevaa magauni, huku maelfu wakijaa kutazama, Weusi kwa Weupe. Mshairi Langston Hughes aliyaona na kuyaandika.

Baadaye, katika mashindano ya urembo ya wanaume waliovaa kike, yaliyochanganya rangi, washiriki Weusi walichoka kuona majaji Weupe wakiwapa taji Weupe. Mwaka 1967, katika ukumbi wa Town Hall New York, msanii Andy Warhol akiwa mmoja wa majaji, taji lilikwenda kwa mshindani kutoka Philadelphia. Crystal LaBeija, aliyepewa nafasi ya chini, alishuka jukwaani, na nyuma ya pazia akafungua kinywa mbele ya kamera. Alisema ana haki ya kuonyesha rangi yake, na kwamba yeye ni mzuri na anajua kuwa ni mzuri. Aliyasema mengine mengi, kwa majina. Ule ulikuwa usomaji kamili, usutaji wa daraja la kwanza, na alikuwa na haki nao. Miaka michache baadaye yeye na mwenzake Lottie wakaanzisha nyumba ya LaBeija na kuandaa mashindano yao wenyewe Harlem, na mfumo ule wa nyumba ukaota kutoka hapo.

Nataka msomaji aone tofauti. Crystal alisuta alipokuwa mbele ya watu waliokuwa na uwezo juu yake, wasiofanana naye, ambao fumbo lingewapita. Pale lugha ya waziwazi ndiyo iliyofaa. Shade ilikuwa ya nyumbani.

Ukirudi nyuma zaidi ya kumbi za Harlem, unakuta Wamarekani Weusi kwa ujumla wana urithi mpana wa kusema kwa kuzunguka. Upo ule mchezo wa kupeana matusi ya mama kwa zamu, anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Kenya wana mchongoano, na kijana wa Nairobi aliyekulia kwenye mchongoano angeuelewa mchezo ule wa Chicago au Philadelphia siku ya kwanza. Zipo ngano za tumbili aliyeketi juu ya mti akamwambia simba kwamba tembo amemsema yeye na ukoo wake. Simba akaenda kumdai tembo akarudi amevunjwavunjwa, na tumbili bado yuko juu. Henry Louis Gates aliandika kitabu kizima mwaka 1988 akimfuata tumbili huyo hadi Afrika Magharibi, kwa Eshu, mungu mjanja wa Wayoruba.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka kwa mwanaanthropolojia Claudia Mitchell-Kernan, aliyechunguza mazungumzo ya Weusi wa Oakland, California, na kuyachapisha mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwanamke mmoja alikuwa na mimba ambayo hakutaka kuitangaza. Nduguye akaja kumtembelea, mimba imeshaonekana. Nduguye hakuuliza. Alimwambia tu kwamba itabidi ajiunge na wale wanaokunywa kinywaji cha kupunguza mwili badala ya chakula cha mchana. Yule akajibu: kweli, naona nimenenepa kidogo. Hapo nduguye akamwambia: sisi sote tumesimama hapa tumelowa chapachapa, na wewe bado unaniambia hainyeshi?

Ndugu wawili, wote wamelowa. Mtu wa tatu aliyekauka asingelielewa neno.

Kuna watu hupenda kulipeleka neno hili Uingereza, kwa mwandishi wa riwaya Jane Austen. Ni kweli kwamba katika riwaya yake ya Mansfield Park, iliyochapishwa mwaka 1814, mhusika Edmund anazungumza juu ya binti aliyemlaumu mjomba wake hadharani, na anasema ni vigumu kumtendea haki shangazi bila kumtupia kivuli yule mjomba, ambaye alikuwa ofisa mkuu wa jeshi la majini. Maneno yanafanana. Lakini kivuli kile kinaangukia jina la mtu asiyekuwapo. Maana yake ni kulitia doa. Hakuna kioo, hakuna mwenzako aliyesimama mbele yako akijua. Mimi naona ni maneno mawili yaliyopishana njiani, na naona si haki kumpa binti wa kasisi wa Hampshire kitu kilichotengenezwa na mafundi wa Harlem, kwa sababu tu yeye alichapishwa mapema.

Darasani, baada ya Corey na Willi Ninja, huwa nawapa wanafunzi wangu Siti binti Saad, na hapo ndipo macho hufunguka. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, kwa wazazi maskini wenye asili ya utumwa. Alikuja mjini Zanzibar mwaka 1911, na sauti yake ikampandisha mpaka kwa masultani, na mwaka 1928 mpaka Bombay kurekodi sahani za santuri. Waliomwonea wivu wakamtungia:

Siti binti Saad ulikuwa mtu lini,
Ulitoka shamba na kaniki mbili chini,
Kama si sauti ungekula nini?

Jina limetajwa. Asili imetajwa. Nguo za umaskini zimetajwa. Corey angeita huo usomaji, na usomaji wenyewe si mbaya kwa ustadi, ingawa ni katili. Siti akajibu:

Si hoja uzuri
Na sura jamali,
Kuwa mtukufu
Na jadi kubeli,
Hasara ya mtu
Kukosa akili.

Mtafute humo mtu aliyetukanwa. Hayumo. Ni hekima ambayo ungeweza kumfundisha mtoto wa chuoni. Hata lile la uzuri, ambalo wenzake walimcheka nalo, amelitaja yeye mwenyewe kwanza na kuliweka kando kwa upole. Halafu analeta akili, na kila aliyeimba ule wimbo wa kaniki mbili inambidi ajiulize kwa nini leo anaisikia hoja ya akili. Wao walimwambia asili yake, jambo ambalo mji mzima ulilijua. Yeye hakuwaambia kitu. Walijiambia.

Wanafunzi wangu wa Pwani hunikumbusha na lile la kutunza. Katika taarabu za wanawake, mwimbaji anapofika kwenye ubeti unaomhusu hasimu wako, unainuka na noti yako mkononi, unatembea kwa madaha, unapitia mbele ya kiti chake, unakwenda kutunza, unarudi kwa njia ile ile. Maneno si yako, sauti si yako, na mwimbaji hana habari na ugomvi wenu. Ulichofanya ni kuinuka wakati ule. Huo ni ule mkono wa Willi Ninja, na hakuna aliyemfundisha mwenzake. Vita vya mipasho vya vikundi vya TOT na Muungano hapa Dar es Salaam miaka ya 1990 vilikuwa vya kelele zaidi, na siku nyingine vilivuka kabisa vikawa kusutana, lakini hata pale wasikilizaji walijua kutofautisha ubeti uliotungwa kwa fumbo na ule uliotupwa kama jiwe.

Neno la Harlem lilitokaje kwenye ukumbi likafika kwenye simu ya mwanafunzi wangu wa Kariakoo? Mwaka ule ule wa 1990 Madonna alitoa wimbo wake wa Vogue, na dunia ikajifunza mikao bila kujua majina ya walioibuni. Mwaka 2009 RuPaul, msanii wa jukwaani wa mavazi ya kike, alianza mashindano yake ya televisheni, na kusomana kukawa mchezo wenye zawadi: mshindani anavaa miwani, mtangazaji anatangaza kwamba maktaba imefunguliwa. Mamilioni walijifunza kutoka hapo. Mwezi Januari 2017 mshauri wa rais mpya wa Marekani alisema kwenye televisheni kwamba serikali ina ukweli mbadala, na siku ile ile watu wa kamusi ya Merriam-Webster wakaandika mtandaoni maana ya neno ukweli kama ilivyo kitabuni mwao, bila kumtaja mtu. Wasomaji wakasema kamusi imetupa shade. Wiki chache baadaye, Februari, kamusi hiyo hiyo ikaingiza neno hilo rasmi kwa maana hii.

Ile ya kamusi ilikuwa shade ya kweli, naikubali kwa moyo wote. Kilichofuata sikikubali. Leo waziri akimwita mpinzani wake mwongo kwa jina lake, magazeti yanasema ametupa shade. Mcheza mpira akisema kocha hajui kazi, ametupa shade. Hao wamesema walichosema, wamekimaliza. Hawakumwachia msikilizaji chochote. Kuna maneno kwa mambo hayo, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili: kulaumu, kutukana, kukashifu, kusuta. Neno la Corey likipanuliwa mpaka liyameze yote hayo, tunabaki bila jina la kile alichokuwa akikieleza mbele ya kioo, na kitu kisicho na jina watu huacha kukifanya vizuri.

Na wale waliolichonga walipata nini? Filamu iliingiza takriban dola milioni 4. Baada ya mvutano, takriban dola 55,000 ziligawanywa kwa washiriki 13. Ukimwi ulikuwa ukiwamaliza nyumba kwa nyumba. Dorian Corey alifariki mwaka 1993, na mwaka huo huo akafa Angie, mama wa nyumba ya Xtravaganza. Pepper, mama wa nyumba ya LaBeija, alifariki 2003, Willi Ninja 2006. Mwaka 2016 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka filamu katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa kama hazina ya taifa. Hakuna hata mmoja wa hao wanne aliyeiona siku hiyo.

Muhula uliopita nililimaliza somo hili kwa zoezi. Nilitoa kisa: mama mkwe amemletea mkaza mwanawe zawadi siku ya harusi, doti ya kanga, na jina lake ni Umdhaniaye ndiye kumbe siye. Je, hiyo ni shade, ni kusuta, au si chochote? Darasa liligawanyika vibaya. Karani mmoja akasema si chochote, watu wengi hununua kanga kwa maua na rangi, huenda mama hakusoma. Dereva akataka kujua kama bibi harusi ana jambo analolificha, kwa sababu kama hana, hakuna kilichotupwa. Nikampa alama zote kwa swali hilo, maana ndilo swali la Corey. Mmoja wa akina mama washonaji, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza: mama mkwe alinunua doti ngapi?

Nikamwambia kisa hakisemi.

"Kisaidie, mwalimu," akasema. "Kama alinunua moja, mimi nakubaliana na karani. Kama alinunua mbili, na nyingine ameivaa yeye mwenyewe hapo hapo harusini, basi mkaza mwana ameshajua, na wageni wameshajua, na hakuna aliyesema kitu."